Bega la Mzee: Si Kila Ugumu ni Uzee

Ndugu msomaji, wewe unayefanya kazi Dar es Salaam, Mwanza au Arusha na wazazi wako wangali kule Ngara au Biharamulo, bila shaka umepata kulisikia neno hili kwa simu, au ulilisikia mwenyewe ulipokwenda likizo: "Mwanangu, mkono haupandi." Na pengine jibu ulilolitoa, au lililotolewa na jirani aliyekuwa karibu, ni lile lile litolewalo nchi nzima: "Mama, huo ni uzee tu." Hapo mazungumzo huishia. Mzee hunyamaza, akaendelea kutumia mkono mmoja mahali pa miwili, na baada ya miezi michache watu wa nyumbani hugundua kuwa hawezi tena kuanika nguo kwenye kamba, wala kujifunga kanga, wala kujisugua mgongo anapooga.

Neno lenye makosa katika jibu lile ni hilo "tu". Uzee upo, na hapana mtu aliyeukwepa ila yule aliyekufa kijana. Lakini ugumu wa bega la mzee aghalabu una sababu tatu au nne zilizochanganyika, na uzee ni mojawapo. Nyingine ni kazi iliyopita kiasi, nyingine ni kukaa bila kuutumia mkono, na nyingine ni maradhi yenye jina na yenye matibabu. Mtoto anayezijua tofauti hizo anaweza kumwokolea mzazi wake miaka kadhaa ya kujitegemea.

MKULIMA HASTAAFU

Mfanyakazi wa serikali huweza kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na kwa lazima akitimiza 60. Mkulima wa Rulenge au wa Nyakahura hana tarehe hiyo. Jembe aliloanza kulishika akiwa mtoto ndilo analolishika akiwa na miaka 70, na mara nyingi shamba halijapungua hata hatua moja.

Tazama nchi yenyewe ilivyo. Ngara ni wilaya ya vilima, iliyopakana na Rwanda na Burundi. Nyumba nyingi zimejengwa migongoni mwa vilima, na maji yako bondeni. Biharamulo ina sehemu nyingi zilizo tambarare zaidi, lakini huko nako maji na kuni havimfuati mtu mlangoni. Katika wilaya zote mbili watu hulima migomba, maharage, muhogo na mahindi, na wengine wana kahawa. Hesabu sasa kazi za bega katika siku moja ya bibi mkulima: kunyanyua jembe na kulishusha, kuinua mchi na kutwanga, kukata mkungu wa ndizi ulio juu ya kichwa chake, kuuvuta chini tawi la mbuni, kujitwisha kuni, kusonga ugali wa muhogo, kazi ambayo kijana wa mjini akijaribu huona jasho. Kisha kuna dumu la maji. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Likiisha kukaa juu ya ngata, uzito wake huchukuliwa na shingo na uti wa mgongo. Lakini kulipandisha kutoka chini hadi kichwani, na kulishikilia lisiyumbe huku mtu anapanda mlima, ni kazi ya bega.

Mkoa wa Kagera una sababu yake nyingine ya kuwaelemea wazee. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa katika mkoa huo mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata babu na bibi wengi walizika watoto wao wakabaki na wajukuu. Katika wilaya jirani ya Muleba, pale Nshamba, lilianzishwa mwaka 2003 shirika liitwalo Kwa Wazee, ambalo lilianza kuwalipa wazee wa namna hiyo pensheni ndogo ya kila mwezi. Zanzibar nako, tangu Aprili 2016, serikali ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia. Haya yanahusu bega kuliko yanavyoonekana. Bibi mwenye fedha kidogo humlipa kijana amchotee maji. Asiye nazo huinama akajitwisha mwenyewe, hata kama usiku uliopita hakulala kwa maumivu.

Na kuni je? Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa katikati ya Ngara. Wakimbizi walihitaji kupika kama mtu mwingine yeyote, na miti ya sehemu zile ikapukutika. Aliyekuwa mama wa miaka 40 wakati ule, akiongeza mwendo wa kutafuta kuni, leo amepita miaka 70. Mzigo wa siku zile hauonekani, lakini bega linaukumbuka.

JARIBU MWENYEWE HAPO ULIPO

Kabla ya kueleza uzee unachukua nini, yafaa tulijue bega lenyewe. Kiungo cha nyonga ni kama mpira uliotiwa ndani ya kikombe kirefu; bega ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na mahali kinapoegemea, kwenye kombe la bega, ni padogo na hapana kina. Ndiyo maana mkono huweza kuzunguka pande zote kuliko kiungo kingine chochote cha mwili, na ndiyo maana pia bega huteguka kwa urahisi. Kinacholizuia chungwa lisianguke si mfupa bali ni misuli minne midogo, ambayo kano zake hukumbatia kichwa cha mfupa ule kama watu wanne walioshika kamba za hema wakati wa upepo. Mmoja akilegea, hema husimama bado, lakini limeinama.

Mkono unapopanda kutoka ubavuni hadi juu kabisa, hupita nyuzi 180 hivi. Watu wengi hudhani kazi hiyo yote hufanywa na kiungo cha bega. La hasha. Kiungo hicho hutoa kama nyuzi 120, na zile 60 zinazobaki hutokana na kombe la bega lenyewe kuteleza juu ya mbavu. Nao mgongo una fungu lake. Jaribu sasa hivi, ndugu msomaji: kaa kitini, kunja mgongo kama mtu aliyechoka, kisha nyanyua mikono yote miwili juu uwezavyo. Sasa kaa wima, kifua mbele, urudie. Umeona tofauti? Mabega ni yale yale; kilichobadilika ni mgongo. Basi mzee ambaye mgongo wake umepinda kwa miaka mingi ya kuinama shambani hupoteza sehemu ya mwinuo wa mkono hata kama kiungo chenyewe ni kizima.

KINACHOCHUKULIWA NA MIAKA

Misuli ya binadamu hufikia kilele cha nguvu katika ujana, ikaanza kupungua polepole baada ya miaka 30 au 40, na kasi huongezeka baada ya 60. Zinazotangulia kupungua ni nyuzi za misuli zenye nguvu ya ghafla, ndiyo maana mzee huweza kupalilia taratibu asubuhi nzima lakini akashindwa kurusha dumu kichwani kwa mara moja. Kano nazo hukauka na kuchakaa, hasa ile ipitayo katika nafasi finyu chini ya paa la mfupa lililo juu ya bega. Mfuko unaokizunguka kiungo hupoteza mnyumbuko wake.

Hata hivyo, kuchakaa si sawa na kuumwa. Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 96 waliopigwa picha za bega hali hawana maumivu yoyote. Miongoni mwa waliozidi miaka 60, zaidi ya nusu walionekana kuwa na kano iliyochanika, kidogo au kabisa, nao walikuwa wakiendelea na shughuli zao. Kwa hiyo mzee akiambiwa hospitali kwamba kano imechanika, asidhani amekwisha. Misuli mingine huweza kufundishwa kuubeba mzigo wa ile iliyochoka.

Jambo linalofaa kufahamika zaidi ni hili la akiba. Kazi nyingi za nyumbani, kama kuchana nywele, kuvaa, kuosha vyombo au kufikia rafu ya kimo cha uso, hutosheka mkono ukipanda nyuzi 120 hivi. Kijana mwenye nyuzi 180 ana akiba ya 60, kama mfanyakazi mwenye fedha posta. Uzee unapozichukua nyuzi 20 au 30 haoni kitu, kwani anatumia kutoka akibani. Siku akiba inapokwisha ndipo husema mkono "umeharibika ghafla", kumbe ulikuwa ukipungua miaka 15. Nguvu nazo ni vivyo hivyo. Ikiwa kuinua dumu kulihitaji nusu ya nguvu zake alipokuwa na miaka 40, na leo kunahitaji karibu zote, basi kila safari ya maji ni mashindano, na mtu hawezi kushindana kila siku.

Mwelekeo unaosahauliwa mapema ni ule wa kupeleka mkono nyuma. Wengi hupima bega kwa kunyanyua juu tu. Lakini mbeleko hufungwa kwa mkono kwenda nyuma, na mwanamke hujisitiri na kujisafisha kwa namna hiyo hiyo. Mzee hawezi kumwambia mwanawe wa kiume kwamba anashindwa kujisafisha chooni. Atasema tu kwamba hataki kusafiri kwenda mjini kwenu.

YASIYO YA UZEE

Kuna ugonjwa wa bega kuganda, ambao mfuko wa kiungo huvimba, ukasinyaa na kuwa mgumu. Jina hilo la bega lililoganda lilitolewa mwaka 1934 na Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston aliyeandika kitabu kizima juu ya bega. Huanza kwa maumivu makali, hasa usiku. Kisha maumivu hupungua huku mkono ukikataa kwenda popote, hata ukivutwa na mtu mwingine. Halafu huanza kulegea. Mwendo wote huo huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume. Kwa hiyo mama wa miaka 52 aliyeambiwa "ni uzee" ameonewa mara mbili. Tena huwapata sana wenye kisukari, na baadhi yao hawajui kuwa wanacho. Bega gumu lisilo na sababu ni hoja ya kutosha ya kwenda kupima sukari.

Mambo mengine hayangoji. Mzee aliyeanguka, na kesho yake mkono haupandi kabisa, huenda amevunjika au kano imekatika. Bega lililovimba, lenye joto, pamoja na homa, huenda lina usaha. Mkono uliolegea ghafla, na mdomo ukaenda upande au maneno yakamkwama, ni dalili ya kiharusi. Na maumivu ya bega la kushoto yaliyofuatana na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi huenda yanatoka moyoni. Hayo yote ni ya kukimbiza hospitali saa ile ile.

Wako wakandaji wenye mikono ya upole, nao husaidia. Lakini kulivuta kwa nguvu bega lililoganda mpaka mgonjwa apige kelele ni kuliongezea uvimbe. Kumchanja bega mtu kwa wembe uliokwisha kutumika kwa mwingine ni hatari isiyohitaji maelezo katika mkoa ule. Dawa za kutuliza maumivu, kama diklofenaki, zinunuliwazo dukani na kumezwa mwezi baada ya mwezi, huumiza tumbo na figo, na hupandisha shinikizo la damu. Mtoto anayemtumia mama yake paketi tano za dawa hizo kwa basi ajue anatuma nini.

MAKOSA MAWILI YA WATOTO

Kosa la kwanza ni kumwacha mzee na mzigo wake wote kama vile hakuna kilichobadilika. Kosa la pili, ambalo hufanywa na watoto wapendao wazazi wao kwa dhati, ni kumnyang'anya kila kitu. Mwana hufika kutoka mjini, akaona mama anatwanga, akakasirika: kuanzia leo usishike jembe, usishike ndoo, kaa kivulini. Akaajiri msichana wa kazi, akarudi zake mjini akiwa ameridhika. Mwaka unaofuata humkuta mama hawezi hata kuinua sufuria, kwa kuwa misuli isiyotumika huyeyuka upesi kuliko inavyochukuliwa na umri. Kwa maoni yangu kosa hili la pili ni gumu zaidi kusahihisha, kwani limevaa nguo za heshima.

Njia iliyo bora ni kupunguza uzito na kuacha kazi. Mahali pa dumu la lita 20 nunua madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono. Kamba ya nguo ishushwe hadi kimo cha kifua. Chumvi, chai na sufuria ya kila siku viteremshwe kutoka juu ya kichanja. Jembe liwe dogo na linolewe, maana jembe butu humdai mlimaji nguvu mara mbili. Mkungu ulio juu aukate kijana, na mzee amenye ndizi. Mzigo uchukuliwe karibu na mwili: kilo moja iliyoshikwa na mkono ulionyooshwa mbele hulielemea bega kwa nguvu nyingi kupita uzito wake, kama ndoo iliyotundikwa kwenye ncha ya mti ilivyo nzito kuliko ile iliyo karibu na kiganja. Wakati wa kuvaa, mkono mgonjwa utangulie kuingia, na wakati wa kuvua uwe wa mwisho kutoka. Usiku asilalie upande unaouma, na kanga iliyokunjwa iwekwe chini ya kiwiko.

Kisha kuna mazoezi, nayo hayahitaji chombo. La kwanza linatokana na Codman yule yule: mzee ainame kidogo, aegemee meza kwa mkono mzima, auache ule mgonjwa uning'inie kama timazi ya fundi mwashi, auzungushe polepole kwa dakika moja au mbili. La pili, asimame mbele ya ukuta, atambaze vidole kupanda juu mpaka pale panapoanza kukaza, aweke alama kwa mkaa. Wiki ijayo ajaribu kuipita alama hiyo. La tatu, alale chali juu ya mkeka, ashike fimbo kwa mikono yote miwili, mkono mzima uusaidie mgonjwa kupanda. La nne ni la nguvu: asimame hatua moja kutoka ukutani, aweke viganja ukutani, akunje viwiko kuusogelea, kisha ajisukume nyuma, mara 8 au 10. Maumivu kidogo yanayotulia baada ya muda mfupi si kitu. Yakiendelea hadi usiku, kipimo kimezidi na kipunguzwe.

Je, mtu wa miaka 80 huweza kuongeza nguvu? Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwafanyisha mazoezi ya uzito wazee 10 wenye miaka 86 hadi 96 kwa majuma 8. Ilikuwa ni miguu, si mabega, lakini nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu, na msuli ni msuli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watu waliotimiza miaka 65 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa juma.

Ikiwa majuma 6 yamepita bila nafuu, au mojawapo ya zile dalili za hatari imeonekana, mpeleke hospitali, iwe Murgwanza kwa walio Ngara au hospitali ya wilaya kwa walio Biharamulo. Na ikibidi, Bugando kule Mwanza ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua kama mzee aliyetimiza miaka 60, na imeelekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ulizia kitambulisho cha mzee kabla ya siku ya safari, wala si mbele ya dirisha la malipo. Uliza pia kama yuko mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na umwombe akufundishe wewe pia, kwa kuwa mzee atasahau nusu ya aliyoelekezwa.

Na utakapopanda basi mwezi wa Desemba, ukapita Nyakanazi na Lusahunga kuelekea nyumbani, usimwulize mama kama bega linauma. Atasema halijambo. Mwombe akae wima, anyanyue mikono yote miwili kwa pamoja, kisha aweke kiganja kisogoni, kisha apeleke kila mkono nyuma ya mgongo hadi unapofika. Tazama kama mikono ni sawa. Andika tarehe na ulichokiona, na Pasaka ukirudi umwombe arudie.